Soko liko wazi, dawa bado zakwama mpakani

Mfanyabiashara mdogo anayevuka Namanga au Mutukula na maharage yaliyolimwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hutumia cheti cha uasili kilichorahisishwa na kuendelea na safari. Mwenye katoni ya dawa za malaria hana njia hiyo. Bila kibali cha mamlaka ya dawa ya nchi anayoingia, mzigo huzuiwa hata kama risiti zote zipo.

Wapo wanaohoji: ikiwa Soko la Pamoja lilianza Julai 2010, kwa nini dawa zisiachiwe ushindani? Hoja yao ina uzito. Dawa iliyosajiliwa Tanzania haihesabiki kuwa imesajiliwa Kenya au Uganda. Kiwanda hulipia usajili nchi kwa nchi, na gharama hiyo huishia mfukoni mwa mgonjwa.

Hata hivyo, ushindani humsaidia mnunuzi anayeweza kukagua anachonunua. Maharage huchambuliwa kwa mkono. Kidonge bandia hakijulikani kwa macho. Mwaka 2017, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa dawa moja kati ya 10 katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni duni au bandia. Mgonjwa huja kugundua homa inapokataa kushuka, na pengine amechelewa.

Tanzania ilishajaribu njia ya kati. Maduka ya dawa baridi yalikuwa yakiuza kimyakimya hata antibiotiki zisizoruhusiwa. Badala ya kuyafunga, mwaka 2003 Serikali ilianzisha mkoani Ruvuma mpango wa maduka ya dawa muhimu: mmiliki ni mtu binafsi, muuzaji hupewa mafunzo, mkaguzi hupita. Uganda nayo iliufuata mfano huo.

Mpakani, hatua ya aina hiyo imefika nusu. Tangu 2012, EAC ina mpango wa kuoanisha udhibiti wa dawa. Wataalamu wa nchi wanachama hutathmini pamoja maombi ya viwanda, lakini usajili wa mwisho hubaki kwa kila nchi.

Kwa hiyo kinachohitajika si kumwondoa mkaguzi, bali mkaguzi wa upande mmoja kuaminiwa na upande wa pili. Hadi hapo, anayefuata sheria ataendelea kusubiri, na faida itabaki kwa wapitao njia za panya, wasioulizwa kibali wala namba ya usajili.