Usaha Ukitoka, Uchunguzi Usikome

Jipu kubwa lililojificha ndani ya shingo ni ugonjwa wa hatari. Uvimbe waweza kuziba njia ya pumzi, na usaha waweza kuteremka hadi kifuani. Kwa hiyo mgonjwa wa namna hii anapofikishwa kutoka Marangu au Machame hadi Hospitali ya Rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mjini Moshi mwaka 1971, kazi ya kwanza ya madaktari ni kulinda pumzi yake, kutoa usaha na kuua bakteria kwa dawa. Homa hushuka, naye hurudi kwenye migomba na kahawa yake. Je, amepona?

Mara nyingi amepona, kwa kuwa chanzo cha kawaida cha majipu hayo ni jino bovu au maambukizo ya koo. Lakini kwa watu wachache, hasa waliopita umri wa miaka 40, jipu huficha saratani. Seli za saratani iliyoota kooni au kwenye shina la ulimi husafiri ndani ya mishipa ya limfu na kutua katika tezi za shingo. Tezi hukua hata damu isitoshe kuilisha. Kiini chake hufa na kuyeyuka, kisha bakteria huingia. Dawa huwaua bakteria, bali saratani hubaki katika ukuta wa jipu. Sindano inayovuta usaha peke yake yaweza isiiguse kabisa.

Hivyo basi, kipande kidogo cha ukuta huo kikatwe na kutazamwa kwa hadubini, koo lichunguzwe, na mgonjwa aitwe tena baada ya majuma machache. Kipande hicho hicho chaweza pia kufichua kifua kikuu cha tezi, ugonjwa usio mgeni nchini Tanzania.

Wapo watakaosema kwamba wataalamu wa maabara ni wachache na gharama ni kubwa. Hoja hiyo ina uzito. Ila hakuna anayedai kwamba kila kijana mwenye jino bovu apimwe saratani. Wa kutangulizwa ni mtu wa makamo au mzee ambaye chanzo cha jipu lake hakijulikani, hasa akiwa mvutaji wa tumbaku na mnywaji wa pombe. Au yule ambaye sauti yake imekauka, anameza kwa shida, amekonda, ama uvimbe wake haukuisha baada ya usaha kutoka.

Mwalimu wa biolojia afundishapo mfumo wa limfu, na autaje mfano huu. Mwanafunzi aliyeuelewa atamhimiza babu yake kurudi hospitali siku aliyoagizwa, hata kama kidonda kimekwisha kufunga. Saratani iliyogunduliwa mapema ina matumaini makubwa zaidi ya kutibika kuliko ile iliyoachwa mpaka mgonjwa ashindwe kumeza.