Mwezi wa malimbikizo

Kwa viwango vilivyoanza Januari 2024, mfanyakazi wa Zambia hatozwi kodi kwenye kwacha 5,100 za kwanza za mwezi. Kwacha 2,000 zinazofuata hukatwa asilimia 20, 2,100 za baada ya hapo asilimia 30, na kila kinachozidi 9,200 asilimia 37. Hesabu hiyo ni nyepesi kwa mwenye mshahara usiobadilika. Katika wilaya ya Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, wengi hawana mshahara wa namna hiyo.

Tumfikirie karani wa shule upande wa Kashikishi anayepata kwacha 5,000 kwa mwezi. Kwa kawaida hadaiwi kitu. Posho yake ya kufanya kazi vijijini imechelewa, na malimbikizo ya 6,000 yanaingia yote Agosti. Mwezi huo amepokea 11,000, na zikipitishwa kwenye jedwali la mwezi peke yake zinakatwa 1,696. Lakini mapato yake ya mwaka mzima ni 66,000, na sehemu isiyotozwa ni 61,200. Kodi halali ni asilimia 20 ya 4,800 zilizozidi, yaani 960. Kwacha 736 zimekwenda kwa sababu mwajiri alichelewa kulipa. Kwanza alimnyima posho, kisha akamsababishia kodi.

Ziwa Mweru linaongeza utata wake. Uvuvi hufungwa kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari, na mwaka wa kodi huanza Januari, katikati ya marufuku. Msaidizi wa duka la samaki anayelipwa kwa kamisheni ana Februari kavu, na Mei dagaa wa chisense wakijaa mifuko inajaa pia. Ukizidisha Mei kwa 12 unamfanya tajiri. Ukizidisha Februari unamfanya maskini asiyedaiwa, kisha deni linamfuata.

Watetezi wa makato ya kila mwezi wana hoja. Serikali haiwezi kusubiri hadi Desemba ndipo ilipe wauguzi, na makato madogo madogo hayaumi kama deni moja kubwa. Uingereza ilichukua njia hiyo mwaka 1944, na leo Mwingereza akiona makadirio ya mapato yake si sahihi huyarekebisha mtandaoni. Wapo wanaotaka Zambia ifanye vivyo hivyo: kila mtu akague rekodi yake kwa nambari yake ya mlipakodi, alalamike mwenyewe.

Mimi naona huko ni kumtwisha mzigo asiyeustahili. Mwenye mshahara tu, ambaye kodi yake yote inakatwa kazini, kwa kawaida hajazi ritani ya mwaka. Wengi hawajawahi hata kuiona fomu yenyewe. Kumtaka karani agundue 736 kwenye hati ya mshahara, aandike barua, afuatilie hadi Mansa, makao makuu ya mkoa, zaidi ya kilomita 200, ni kumwambia kwa adabu asamehe. Nauli na siku za kazi zitakula fedha anazodai.

Taarifa zote ziko kwa mwajiri. Anajua alilipa nini Januari, nini Agosti, na malimbikizo ni ya miezi ipi. Kwa hiyo malipo ya Desemba ndiyo mahali pa kusawazisha: jumlisha mwaka, linganisha na kodi iliyokwisha kukatwa, rudisha tofauti kabla daftari halijafungwa tarehe 31. Na hati ya mshahara ionyeshe kila mwezi jumla tangu Januari, si ya mwezi huo tu. Mamlaka ya Mapato ya Zambia, ambayo kila mwezi hupokea ritani za waajiri, nayo inaweza kumhoji anayeruka hatua hiyo.

Yuko mmoja nisiyemtetea hapa. Ni mtaalamu wa afya mwenye ajira ya serikali na mkataba wa mradi kwenye makazi ya wakimbizi ya Mantapala, ambaye kila mwajiri anamsamehe 5,100 bila kujua kuna mwingine. Waajiri wake hawana pa kuliona kosa hilo, naye analiona kila mwisho wa mwezi. Huyo na aandike barua mwenyewe.