WALIPAO DENI WASOMEWE MKATABA

Atokaye Zinga kwa gari kwenda kumtazama mgonjwa wake Hospitali ya Ocean Road, akiifuata njia ya Oysterbay, huvuka Daraja la Tanzanite. Daraja hilo limejengwa juu ya bahari kwa mkopo wa Korea na kwa mkono wa kampuni ya Korea, likafunguliwa mwaka 2022. Ni daraja zuri, wala hatuna haja ya kulitukana. Lakini mwulize yule abiria: deni la daraja hili ni kiasi gani, na litakwisha lini? Atakucheka. Atakwambia hayo ni mambo ya wakubwa.

Wananchi, kicheko hicho ndicho kinachotutia hofu.

Mwezi wa Juni 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda Seoul, na huko Tanzania ikakubaliana na Korea juu ya mikopo ya dola bilioni 2.5 mpaka mwaka 2028. Serikali ikaeleza kwamba riba ni asilimia 0.01, muda wa kulipa ni miaka 40, na miaka 25 ya mwanzo ni ya neema. Katika safari ile ile zikatiwa saini hati za uchumi wa buluu na madini ya kimkakati. Mara zikaenea khabari kutoka nje kwamba sehemu ya bahari yetu na madini yetu imetolewa kwa ajili ya fedha hizo. Serikali ikakanusha vikali.

Sisi hatusemi kwamba bahari imewekwa rehani. Hatuna karatasi ya kutuwezesha kusema hivyo. Na hiyo hasa ndiyo shutuma yetu: karatasi hatuna! Mvuvi wa Nungwi na mlima mwani wa Mlingotini wamezisikia khabari za bahari yao kwanza kwa wageni, kisha wakasikia kanusho kwa wenyeji, na baina ya hayo mawili hapana aliyewasomea mkataba. Nasi wa visiwani tumo, maana hospitali ya Binguni nayo ni katika mikopo hiyo hiyo ya Korea.

Sasa tuwatazame hao waliotukopesha, kwani nao walikuwa wadaiwa.

Tarehe 3 Desemba 1997 Serikali ya Korea, kofia mkononi, ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Hazina ilikuwa karibu tupu, mabenki yake yamekopa fedha za muda mfupi na wenyewe wanazitaka. Ikafungwa ahadi ya misaada ya jumla ya dola bilioni 58, na katika hizo bilioni 21 za Shirika lenyewe. Masharti yalikuwa machungu, na wafanyakazi wengi walifukuzwa kazi. Asije mtu akatupambia msiba wa watu kwa maua. Lakini kila Mkorea alijua nini kimetiwa saini. Wagombea urais, ilhali uchaguzi u mlangoni, walitakiwa waahidi kwa maandishi kwamba watayashika masharti. Kwa kuwa watu walijua, mapema mwaka 1998 walipanga foleni wakitoa pete za ndoa na mikufu ya wazazi wao, yapata watu milioni tatu na nusu, ikakusanywa dhahabu tani 227. Agosti 2001 deni la Shirika likawa limekwisha, kabla ya muda wake.

Na mataifa makubwa yalifanya nini? Yalikimbia kusaidia, tena kwa mbio za mtu ambaye nyumba inayoungua ni yake. Marekani ilikuwa na askari wapatao 37,000 katika nchi ile, na mabenki ya Marekani na ya Japani yalikuwa na fedha zao humo. Usiku wa kuamkia Krismasi wakakubaliana kuharakisha fedha na kuongeza muda wa madeni. Hatuwalaumu Wakorea kwa kuokolewa. Twataka tu msomaji aone ni nini kilichowaharakisha waokozi.

Kwa maana sisi pia tulipata mwaka wetu. Vita vya Kagera, 1978 mpaka 1979, viliikausha hazina ya Tanzania wakati ule ule ambapo bei ya mafuta ilipanda duniani. Ilikuwa khatari ya usalama na khatari ya fedha kwa pamoja. Nani alikuja mbio? Shirika lile lile la Fedha likataka shilingi ishushwe thamani; Mwalimu Nyerere akakataa; Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, akajiuzulu mwaka 1979. Mkataba uliosimama haukupatikana mpaka Agosti 1986, chini ya Rais Mwinyi. Korea ilingoja siku. Sisi tulingoja miaka saba, tukipanga foleni ya sukari, sabuni na khanga. Hapakuwa na benki ya New York iliyokosa usingizi kwa ajili yetu.

Basi mnyonge asiye na wa kumkimbilia ana silaha gani? Ana moja tu: kuyajua maneno ya mkataba kabla ya wino kukauka.

Tazama tena Wakorea. Tarehe 3 Desemba, safari hii mwaka 2024, Rais wao Yoon Suk Yeol, yule yule aliyetupokea Juni, alitangaza utawala wa kijeshi mnamo saa nne na nusu usiku. Askari wakaingia katika jengo la Bunge. Wabunge wengine wakapanda kuta kuingia ndani, na mnamo saa saba usiku wabunge 190 wakapiga kura ya kuifuta amri ile. Marekani ilisema ina wasiwasi. Waziri Mkuu wa Sweden akaahirisha safari yake. Sarafu ya Korea ikatetereka. Lakini waliozima moto ni wenyewe. Aprili 2025 Mahakama ya Katiba ikamwondoa Yoon. Aliyetukopesha ameondoka, lakini deni liko pale pale, kwa kuwa deni ni la nchi. Na kwetu? Mkataba ulipofungwa, Bunge la Dodoma lilikuwa karibu lote la chama kimoja tangu uchaguzi wa 2020. Nani angepanda ukuta?

Mwenye kutuona tunazusha na avuke mkondo aende Zinga. Ardhi ya Zinga, Pande, Mlingotini na Kondo ilitengwa kwa ukanda maalumu wa uchumi tangu kabla ya 2010. Machi 2013 ukatiwa saini mkataba wa bandari na Wachina, Oman nayo ikaingia. Thamani ikatajwa dola bilioni 10. Oktoba 2015 Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi. Juni 2019 Rais Magufuli akasema masharti yake hukubaliwa na mwendawazimu tu, yakiwemo ya miaka 99. Juni 2021 Rais Samia akasema mazungumzo yafufuliwe.

Marais watatu, kauli tatu, na mkataba ni ule ule ambao mwenye shamba hakuuona! Maskini ya Mungu, alipojua kwamba kuna sharti la miaka 99, minazi yake ilikwisha kuhesabiwa zamani. Wako walioambiwa wasipande wala wasijenge, wakingoja fidia mwaka baada ya mwaka.

Mtoto aliyezaliwa Mlingotini Juni 2024 atakuwa na umri wa miaka 25 neema ya Wakorea itakapokwisha. Huyo ndiye mlipaji. Twataka basi mikataba ya Korea, na wa bandari pamoja nayo, ifasiriwe kwa Kiswahili, iwekwe mbele ya Bunge na Baraza la Wawakilishi, na ibandikwe katika ofisi za kata na za masheha, kutoka Zinga mpaka Binguni. Ikiwa ni ya kheri kama tunavyoambiwa, gharama yake ni karatasi na gundi.