Talanta, Mowlem na basi lililobaki kwenye karatasi

Wadau, kila uwanja mpya wa Ngong Road ukitajwa, maswali huwa yale yale: magari yataegeshwa wapi, na msongamano utafika wapi? Hapa Mowlem wengi wetu hatuna gari la kuegesha. Sisi tunauliza hivi: mechi ikiisha saa nne usiku, tutarudi vipi?

Watu wa programu tunapenda kuanza na hesabu. Uwanja huo, ulioanza kujengwa Machi 2024 kwa jina la Talanta, ulichorwa kwa watu 60,000. Kwa matatu ya abiria 14 hizo ni safari 4,286. Kwa basi la abiria 33 ni safari 1,819. Toa wenye magari, toa wa Kibera watakaotembea kwa miguu, bado ni maelfu ya watu wanaotaka kuondoka kwa wakati mmoja.

Tena sisi wa Eastlands hatufiki kwa matatu moja. Mwaka 2014 mradi wa Digital Matatus, uliowakutanisha Chuo Kikuu cha Nairobi, MIT na Columbia, ulitoa ramani ya njia zaidi ya 130 za matatu. Data ilikusanywa kwa simu za mkononi na ikaachwa wazi kwa yeyote. Itazame ramani hiyo: karibu kila mstari unakimbilia katikati ya mji. Kutoka Mowlem unashuka mjini, unakata mitaa kwa miguu, unatafuta 111 ya Ngong. Kurudi ni hivyo hivyo, ila sasa ni usiku na nauli imepanda kwa sababu makanga ameziona jezi. (Kasarani ni afadhali, Outer Ring inatufikisha Thika Road bila kupitia mjini.)

Kinachoniuma ni kwamba jibu lilikuwa limeshachorwa! Kwenye mpango wa mabasi ya BRT, njia ya tatu, iliyoitwa Chui, inatoka upande wa Dandora, jirani zetu, inapita mjini na kuelekea Ngong. Uwanja ulipoanza kujengwa, Chui alikuwa bado kwenye karatasi. Na tangu Septemba 2023 tulijua AFCON ya 2027 ni yetu pamoja na Uganda na Tanzania.

Sawa, barabara ya BRT haijengwi kwa wiki mbili. Lakini mabasi ya siku ya mechi yanawezekana. Kwenye Euro 2024 kule Ujerumani, mwenye tiketi ya mechi alipanda basi na treni za mjini kwa saa 36 bila kulipa tena. Sisi tuna M-Pesa, tunashindwa nini kukata tiketi na nauli pamoja? Sacco za matatu zikodishwe, mabasi yaende moja kwa moja Umoja, Kayole, Dandora. Ratiba itolewe kwa muundo wa GTFS, ule ule wa Digital Matatus, ambao ni mafaili ya maandishi tu. Hapo hata mwanafunzi wa kompyuta ataitia kwenye simu, na shabiki wa Mowlem atajua kabla hajatoka nyumbani basi lake la mwisho linaondoka saa ngapi na limesimama wapi.