Kiuno cha mkulima kinahitaji mtaalamu kabla ya mashine

Msimu wa palizi, wakulima wa kata ya Mabwerebwere wilayani Kilosa hushinda wameinama. Mahindi hupaliliwa kwa jembe la mkono, na jioni wengi hurudi nyumbani wameshika kiuno. Watu kama hao ndio wanaovutiwa na vifaa vidogo vya umeme vinavyobandikwa mgongoni au gotini, vinavyonadiwa kuwa vinaponya.

Umeme hutuliza maumivu, hilo si uzushi. Katika karne ya kwanza, tabibu wa Roma Scribonius Largus aliwakanyagisha wagonjwa wa jongo samaki apigaye shoti mpaka mguu ufe ganzi. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama lango: mishipa ya fahamu ya mguso ikichangamshwa, taarifa za maumivu huzuiwa njiani. Ndiyo maana mtu akijigonga huharakisha kupasugua. Kwa baadhi ya watu mkondo wa kifaa hufanya kazi hiyo hiyo, lakini kifaa kikizimwa, nafuu nayo mara nyingi huondoka.

Kutuliza si kuponya. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya kiuno; maumivu ya kiuno kwa jumla yaliwakumba watu milioni 619 duniani mwaka 2020. Mwongozo huo haushauri vifaa hivyo vitumike kama tiba ya kawaida. Unapendekeza mazoezi yenye mpangilio na elimu ya kujihudumia.

Mazoezi hayo hayauzwi kwenye boksi. Yanahitaji mtaalamu wa fiziotherapia, kama wanaofunzwa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, amkague mkulima, amwonyeshe namna ya kuinua gunia na kuimarisha misuli, kisha aamue kama umeme utasaidia. Halmashauri inayopanga bajeti ya afya iwaajiri wataalamu hao kwanza, na iwapangie siku za kufika kwenye zahanati za kata, maana nauli ya kwenda mjini kila wiki humshinda mkulima.

Aliyewekewa betri ya moyo asiguse kifaa cha umeme bila idhini ya daktari, na mjamzito asikibandike tumboni. Anayeumwa mgongo huku akipungua uzito na kutoka jasho usiku apimwe haraka, kwani kifua kikuu hushambulia pia pingili za uti wa mgongo. Na miguu ikilegea ghafla au mkojo ukishindwa kuzuilika, awahishwe hospitali siku hiyo hiyo.