Matanga Yakivunjwa Ndipo Kazi Huanza

Taifa letu halina upungufu wa huruma. Likitokea janga popote, mjini au shamba, bara au visiwani, watu hutoka mbio bila ya kuitwa. Wenye nguvu hufukua, wenye magari hubeba majeruhi, na asiye na kitu huteka maji. Siku tatu za kwanza za msiba wowote zatosha kumwonyesha mgeni kwamba Watanzania hawajausahau ujirani. Neno letu leo halihusu siku hizo tatu. Lahusu siku ya nne, na mwezi wa nne, na mwaka wa pili, pale matanga yanapokuwa yamekwisha kuvunjwa, wageni wamerudi makwao, na mwenye nyumba iliyoanguka amebaki akiyatazama mawingu.

Twalisema hili tukielekeza macho Njoro, kata ya Manispaa ya Moshi iliyo chini ya Mlima Kilimanjaro. Hatusemi kwamba Njoro imefikwa na msiba. Twaitaja mapema kwa sababu jahazi hutiwa kalafati likiwa pwani, si likiwa kilindini. Juu ya mji huo, katika Uru, Kibosho na Old Moshi, maelfu ya watu wanaishi katika vihamba vilivyokaa juu ya migongo ya ardhi iliyotengwa na makorongo marefu. Njia za kupandia ni chache. Mvua ikikata barabara moja au mtikisiko ukiangusha daraja moja, kijiji cha mlimani hugeuka kisiwa. Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba hawahitaji kuelezwa maana ya kuwa na shida huku unangoja chombo kifike.

Wala tusijidanganye kwamba mitikisiko ni habari ya mbali. Bonde la Ufa linapita ndani ya nchi yetu. Julai 2007 tetemeko lililoanzia karibu na mlima Gelai, kaskazini mwa nchi, lilihisiwa hadi Nairobi. Agosti 12, 2020 usiku, lile lililotokea baharini mashariki ya pwani yetu liliwatoa watu nje ya nyumba zao Dar es Salaam na likahisiwa hata Unguja. Safari ile tulisalimika. Kagera haikusalimika.

Alasiri ya Septemba 10, 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Bukoba, Missenyi na wilaya za jirani. Kwa hesabu ya Serikali watu 17 walifariki, zaidi ya 400 walijeruhiwa, na maelfu ya nyumba zilianguka au kupasuka. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa. Tetemeko la kipimo hicho si kubwa miongoni mwa matetemeko ya dunia. Kilichoua ni kuta: matofali yaliyoshikanishwa kwa udongo, bila ya nondo na bila ya mkanda wa zege wa kuifunga nyumba pembe kwa pembe. Watu walijenga kwa kile walichokuwa nacho, na hapakuwa na fundi wa kuwaonya.

Misaada ilimiminika. Yalikuja mahema, mablanketi, unga na fedha, na wenye moyo wakaja na mikono yao. Kisha macho ya nchi yakageukia mengine, na mvua za vuli zikawakuta watu wakiwa bado nje. Januari 2017, Rais John Magufuli, akiwa Bukoba, alieleza kwamba Serikali itarudisha majengo na huduma za umma, lakini haitamjengea kila mtu nyumba yake. Ihungo ilijengwa upya, kwa msaada wa Uingereza. Kwa mwenye nyumba, jibu lilikuwa ajitahidi mwenyewe.

Hatuirudii kauli hiyo kwa nia ya kulaumu. Ni kweli kwamba hakuna serikali maskini iwezayo kumjengea kila mwananchi. Lakini ni kweli vile vile kwamba mjane mwenye umri wa miaka sabini hawezi kusimamisha ukuta peke yake. Kati ya serikali isiyoweza kumjengea kila mtu na mwananchi asiyeweza kujijengea pana pengo, na hapo ndipo mahali pa mtu wa kujitolea. Twamhitaji fundi uashi atakayekaa mwezi mzima, seremala atakayekuja na msumeno wake, na kijana atakayechambua kifusi na kupanga kando matofali yafaayo. Blanketi humkinga mtu baridi ya usiku mmoja. Ukuta uliofungwa vizuri humkinga yeye na wajukuu wake tetemeko likirudi.

Kwamba jambo hili lawezekana, tumekwisha kuona. Desemba 3, 2023, upande wa Mlima Hanang uliporomoka kwa mvua na tope likashuka juu ya Katesh, Gendabi na vitongoji vya karibu, watu 89 walipoteza maisha. Safari hii kazi haikukoma mazikoni. Serikali ilitoa kiwanja kipya, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa pamoja na Chama cha Msalaba Mwekundu wakashika kazi, na katika muda wa kama mwaka mmoja zaidi ya nyumba 100 zilikuwa zimesimama. Tofauti ya Kagera na Hanang si kwamba watu wa huku walihurumiwa kuliko wa kule. Waliopoteza nyumba Hanang walikuwa wachache zaidi, hilo ni kweli, lakini vile vile palikuwa na mpango uliosema nani atafanya nini baada ya matanga.

Mkoa wa Kilimanjaro wenyewe unayo kumbukumbu yake chungu. Novemba 2009, huko Goha, Mamba Miamba, katika milima ya Upare wilayani Same, ardhi iliporomoka usiku wa mvua ikafukia familia nzima nzima, na zaidi ya watu 20 wakafa. Na unayo pia kumbukumbu ya kujivunia. Oktoba 2020, moto ulipokuwa ukiteketeza vichaka vya Kilimanjaro juu ya Mandara, watu wapatao 500 walipanda kuuzima. Walikuwamo wanavijiji, wapagazi na wanafunzi wa Chuo cha Mweka. Moto ule ulidumu zaidi ya juma moja, nao hawakuuacha.

Hakuna aliyewafundisha watu wa mlimani moyo huo. Mifongo, ile mifereji inayoshusha maji kutoka msituni hadi vihambani, imechimbwa na kusafishwa kwa kazi ya pamoja tangu enzi za mababu. Kila aliyekunywa maji yake alijua siku yake ya kushika jembe. Msaragambo si neno la kigeni Upareni wala Uchagani. Desturi hiyo yatufundisha mambo mawili. Kwanza, kazi ya kujitolea ina zamu, ina msimamizi, na ina mwisho unaojulikana. Haiendi kwa vurugu. Pili, anayesimamia ni yule ayajuaye maji yanakopita, hata kama mgeni aliyekuja kusaidia ana elimu kubwa zaidi.

Hapo twataka kusema neno kuhusu wageni. Mji wa Moshi hupokea vijana wengi kutoka Ulaya na Marekani wanaokuja kujitolea katika shule na vituo vya watoto, na wapo wanaolipa fedha nyingi kwa makampuni ili wapate nafasi hiyo. Twawakaribisha. Lakini wahenga walikwisha kusema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe hilo apewe na mwenyeji, na katika shamba ambalo mwenyeji amelichagua. Mtoto anayebadilishiwa mwalimu kila mwezi hapati elimu, na ukuta uliojengwa na mtu ambaye hajapata kushika mwiko ni hatari kuliko kifusi. Asiye na ufundi ana kazi yake ya heshima: kubeba mawe, kuteka maji, kuandika daftari.

Nepal ilijifunza hayo kwa gharama kubwa. Tetemeko la Aprili 25, 2015 liliua watu karibu 9,000, wengi wao katika vijiji vya milimani. Wasaidizi walimiminika kutoka pembe zote za dunia, na uwanja wa ndege wa Kathmandu, wenye njia moja tu ya kurukia, ukafurika. Huku nyuma vijiji vya juu vilingoja. Mamlaka ya kusimamia ujenzi mpya ilianzishwa Desemba, miezi minane baadaye, baridi ya milimani ikiwa imekwisha kuingia. Kilichokuja kuwainua watu ni mafundi wao wenyewe, waliofunzwa kwa maelfu namna ya kujenga nyumba zistahimilizo mitikisiko. Sisi tunao Chuo cha VETA pale pale Moshi. Tungojee nini?

Basi twatoa mapendekezo matatu kwa wahusika.

La kwanza ni daftari. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Namba 6 ya 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi kata na kijiji. Kamati isiyojua mafundi wake ni akina nani haiwezi kuwaita siku ya siku. Twaiomba Kata ya Njoro iwe ya kwanza kuandika, mtaa kwa mtaa, jina la kila aliye tayari, ufundi wake, zana alizo nazo na muda anaoweza kuutoa. Vijiji vya juu navyo viandike vya kwao: ni nyumba zipi wanakaa wazee peke yao, ni njia ipi hukatika kwanza, ni uwanja upi watu wakusanyike. Daftari mbili hizo zikikutana, fundi wa Njoro atajua anapanda mlango wa nani.

La pili ni wajibu wa Serikali. Mwenye kujitolea anatoa jasho lake. Asitakiwe kutoa na nauli, chakula na dawa. Halmashauri zitenge fungu la usafiri, vyakula, saruji na nondo, na anayeumia kazini atibiwe bila ya kuulizwa fedha. Wala wasitokee viongozi wa kuwasukuma watu kwa faini na vitisho. Kujitolea kwa kulazimishwa ni shokoa, na shokoa haijengi ujirani. Wala jasho la wananchi lisigeuzwe kisingizio cha kuacha kujenga shule, zahanati na madaraja, kwani hayo ni deni la Serikali.

La tatu ni hesabu za wazi. Mwaka ule ule wa 2016 watendaji wawili mkoani Kagera walitenguliwa uteuzi kwa tuhuma za akaunti iliyofunguliwa kwa jina linalofanana na la akaunti rasmi ya maafa. Habari moja ya namna hiyo huwavunja moyo watoaji elfu. Kila shilingi na kila mfuko wa saruji ubandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, mahali ambapo hata mtoto wa shule ataweza kuusoma.

Ndugu zetu wa visiwani huenda wakauliza lawahusu nini. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba, wavuvi wa Nungwi hawakungoja amri. Waliingia baharini na vyombo vyao wakaokoa watu. Miaka mitano baadaye, tarehe ile ile, Kagera ilitikisika. Bahari na mlima havikutuchagulia siku tofauti, nasi tusijitenge katika kusaidiana. Zanzibar inayo Kamisheni yake ya Kukabiliana na Maafa chini ya Sheria Namba 1 ya 2015, na inazo shehia ambazo masheha wake wanamjua kila mkazi. Daftari la shehia liandike wazamiaji, manahodha, mafundi na wauguzi. Wakuu wa pande mbili wakae na kukubaliana njia moja ya kuitana, ili fundi wa Njoro aitwe Pemba nyumba zikiezuliwa, na mzamiaji wa Nungwi aitwe bara chombo kikizama ziwani.

Hatuna uwezo wa kuizuia ardhi isitikisike. Tunao uwezo wa kuamua atakayekuwa bado yupo kijijini mwezi wa sita, mwiko mkononi, wakati magari ya wakubwa yamekwisha kuondoka. Mvua za masika zina desturi ya kufika bila ya kuuliza kama kamati zimekaa. Maofisa wa Moshi na wenzao wa Unguja na Pemba waanze na daftari na kalamu. Gharama yake ni ndogo mno kuliko gharama ya jeneza.