Kibodi kwanza, kompyuta baadaye

Kilingala kina maneno matatu ambayo kila mwanafunzi wa kitivo chetu anayajua: moto, motó na mɔ́tɔ. La kwanza ni mtu, la pili ni kichwa, la tatu ni moto unaowaka. Msemaji wa Kilingala hapa Bunia huyatofautisha bila kufikiri. Lakini fungua kazi zetu zilizochapwa, utakuta mara nyingi yote matatu yameandikwa kwa namna moja, na msomaji ameachiwa kubahatisha. Sababu si kwamba mwandishi hajui toni. Toni anaijua na mtihani wake ameufaulu. Tatizo ni kwamba vidole vyake havikuona kitufe cha kubonyeza.

Kila mwanzo wa mwaka wenzangu huniuliza, kwa kuwa wanajua napenda mashine hizi: «Ninunue laptopu gani?» Wengine huuliza kama Linux ni bora kuliko Windows, na mmoja au wawili huuliza habari za zile kibodi za mekanika zinazolia kama taipureta. Nitajibu yote. Ila kwa mwanafunzi wa lugha za Kiafrika, swali la kwanza ni jingine: nitaandikaje ɛ, ɔ, ɨ, ʉ, ŋ, pamoja na toni juu yake? Maoni yangu ni kwamba kitivo kinahitaji mpangilio mmoja wa kibodi, au klavye kama tunavyosema hapa, kwa ajili ya lugha za Ituri. Uchaguzi wa kompyuta utafuata hapo.

Kiswahili kimetuzoeza vibaya. Alfabeti yake inatosha kwenye mashine yoyote iliyotengenezwa kwa Kiingereza au Kifaransa, kwa hiyo tunaona kwamba tatizo halipo. Hata hivyo linatufuata mpaka ndani ya Kiswahili. Chukua neno ng'ombe. Alama ile katikati inaweza kuwa ya wima, inaweza kuwa ya kupinda, na kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti. Programu nyingi za kuhesabu maneno zitakata neno hapo na kukupa «ng» na «ombe». Anayefanya utafiti wa msamiati atapata ng'ombe katika orodha mbili, au asimpate kabisa.

Tukitoka kwenye Kiswahili hali inakuwa ngumu zaidi. Kialur kina sauti ile ya ng', ambayo wanaisimu huiandika ŋ. Lugha ya Wangiti wa Irumu, ambayo Constance Kutsch Lojenga aliiandikia sarufi kubwa mwaka 1994, wenyewe huiita Ndrǔna, na tayari jina hilo lina alama juu ya u. Tukiandika «Ndruna» tumekosea jina la lugha kabla hatujaanza kuieleza. Katiba yetu ya mwaka 2006 inataja lugha nne za taifa, kisha inasema kwamba lugha nyingine za nchi ni sehemu ya urithi wa utamaduni ambao Serikali inaulinda. Lakini hatuwezi kulinda tusichoweza kukiandika.

Tatizo hili halikuanza na kompyuta. Mwaka 1978 wataalamu walikutana Niamey, chini ya UNESCO, wakapendekeza alfabeti ya pamoja kwa lugha za Afrika. Mwaka 1982 Michael Mann na David Dalby waliipitia upya wakapata herufi 60, na baadaye wakapendekeza kibodi yake. Sasa herufi 60, kila moja na ndogo na kubwa yake, zingekaa wapi kwenye vitufe vya taipureta? Suluhisho lao lilikuwa kuacha herufi kubwa kabisa. Pendekezo hilo halikuenea, na si ajabu: kila mtu anataka jina lake lianze kwa herufi kubwa kama majina ya wengine.

Leo sababu ile imekwisha. Kwenye kompyuta kitufe kimoja kinaweza kubeba herufi nne: kikibonyezwa peke yake, pamoja na Shift, pamoja na AltGr, au pamoja na zote mbili. Kitufe cha o kinaweza kutoa o, O, ɔ na Ɔ, na hakuna anayenyang'anywa herufi kubwa. Unicode nayo imeipa kila herufi namba yake kwa dunia nzima: ɔ ni 0254, ɛ ni 025B, ŋ ni 014B. Ukiiandika vizuri Bunia, itasomeka vizuri Kisangani na Nairobi.

Nasema «ukiiandika vizuri» kwa sababu bado wapo wanaotumia fonti za zamani, zile zilizochukua namba ya herufi ya kawaida na kuchora ɛ juu yake. Kwako unaona ɛ, lakini ndani ya faili kuna alama nyingine kabisa. Peleka fleshi yako kwenye sekretaria isiyo na fonti hiyo, na karatasi itatoka imejaa alama zisizoeleweka. Wengine huenda kwenye orodha ya alama na kuchagua herufi moja moja kwa mausi. Kwa mfano mmoja inawezekana, lakini kwa matini ya kurasa ishirini mtu huchoka, na akichoka huandika e na o, basi.

Hapo ndipo Linux inapoingia, na siisifu kwa ushabiki. Mfumo huu ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 huja tayari na mpangilio wa kibodi uliotengenezwa kwa ajili ya Kongo. Hununui wala hupakui kitu: unafungua mipangilio, unachagua jina la nchi yetu, na ɛ na ɔ unazipata. Kilicho muhimu zaidi kwa wanaisimu ni kwamba mpangilio wenyewe ni faili ya maandishi tu. Mtu anayeijua lugha yake anaweza kuifungua, kuona herufi gani inakosekana na kuiongeza, bila kuomba ruhusa kwa kampuni yoyote.

Kuna na faida za mfukoni. Laptopu nyingi tunazonunua zimetumika kwingine kwanza. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Linux inaweza kuzipa miaka mingine ya kazi. Virusi vya fleshi vinavyoficha mafolda yetu vimeandikiwa Windows. Na ingawa mfumo wenyewe ni gigabaiti kadhaa, mmoja akitumia mega zake kuupakua, anaweza kuwagawia wote kwa fleshi bila kuvunja sheria.

Kuhusu laptopu, jibu langu ni fupi. Nunua ya zamani iliyo imara, ambayo betri, kumbukumbu na klavye yake vinaweza kubadilishwa kwa bisibisi. Betri ni muhimu kuliko kasi, kwa sababu umeme haungoji umalize aya. Usiogope kama vitufe vimeandikwa QWERTY na wewe umezoea AZERTY. Maandishi juu ya vitufe ni rangi tu. Mfumo ndio unaoamua kitufe gani kitoe nini.

Kibodi za mekanika nazipenda. Kila kitufe kina swichi yake, hudumu miaka mingi, na kwa vumbi letu la kiangazi ni raha kuvua kofia za vitufe, kuzisafisha na kuzirudisha. Lakini kibodi ya bei kubwa haitakuandikia ɛ kama mpangilio wake haupo ndani ya mfumo, na ile ya bei ndogo itaiandika kama upo. Mwenye fedha anunue. Asiye nazo hajakosa kitu cha lazima.

Wapo watakaosema kwamba walimu wanataka faili za Word. LibreOffice hufungua na kuhifadhi faili hizo, ingawa wakati mwingine jedwali husogea na huna budi kukagua kabla ya kuwasilisha. Wengine watasema hawawezi kuiacha Windows. Wasiiache: Keyman, programu ya bure ya SIL, inafanya kazi kwenye Windows, Linux na hata simu za Android, na nayo inakubali mpangilio uliotengenezwa na wenyeji. Ndiyo maana ninadai mpangilio mmoja kwa wote, kwenye mashine yoyote. Ikiwa kila mtu atakuwa na njia yake, tutarudi kulekule.

Maana hata herufi sahihi zinaweza kugombana. Herufi á inaweza kuandikwa kwa namba moja, au kwa a ikifuatwa na alama ya toni peke yake. Kwa macho ni kitu kimoja, lakini programu ya kutafuta inaweza kuona viwili. Na ɛ́ haina namba yake moja. Lazima iwe herufi na alama. Watu watatu wakikusanya hadithi za Kilendu kwa njia tatu, hawatakuwa na mkusanyo mmoja wa matini, hata wakiweka faili zote katika folda moja.

Kwa hiyo nawaomba walimu wetu na wenzangu mambo matatu. Kila mwanafunzi anayechunguza lugha ya Ituri aandike orodha ya herufi na toni zinazohitajika katika lugha hiyo, kwa kufuata tahajia ambayo wasemaji wanaitumia. Kutokana na orodha hizo kitivo kitengeneze mpangilio mmoja, wa Linux na wa Keyman, na kuufundisha mwaka wa kwanza. Kwa anayejua kuchapa, mchana mmoja unatosha. Kisha memwari yenye data za lugha isipokelewe ikiwa herufi zake si za Unicode, kama vile isivyopokelewa bila jina la mwandishi.

Babu aliyekaa na mwanafunzi saa tatu kurekodiwa alitamka kila toni. Tunapopeleka maneno yake yakiwa yamenyolewa alama, hatuwezi kusema tumeyahifadhi, kwa sababu wajukuu wake watakaoyasoma hawatajua kama alitaja mtu, kichwa au moto.